Dalali Analipwa na Nani? Mambo ya Kuuliza Kabla Kikundi Hakijanunua Ardhi

(Hotuba iliyotolewa katika semina ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

  

Tumeombwa tuzungumze juu ya madalali wa ardhi. Ombi hili limetoka kwenu wenyewe. Tukitembelea vikundi siku hizi tunasikia neno moja: "Mradi wa kuku umeenda vizuri, ng'ombe wanatoa maziwa, sasa tunataka ploti." Hilo ni jambo jema. Kikundi chenye ardhi kina mahali pa kujenga ghala, pa kujenga vyumba vya kukodisha, pa kuweka mashine ya kusaga. Lakini ardhi ndicho kitu cha bei kubwa kuliko vyote ambavyo kikundi kitanunua. Kuku akifa mnanunua mwingine. Pesa za ardhi zikipotea, mara nyingi hata kikundi kinapotea nazo.

Tuwape mfano mmoja wa kweli. Jina la kikundi tutaliacha, maana waliotuhadithia walitaka mjifunze, hawakutaka waonewe huruma.

Walikuwa akina mama 32. Kila wiki kila mmoja alitoa shilingi 100. Baada ya miaka mitatu walikuwa na karibu shilingi 500,000. Wakatafuta robo ekari karibu na soko. Akatokea kijana mmoja, mpole, mwenye simu mbili na faili mkononi. Akawapeleka kuiona ploti. Ilikuwa nzuri, iko karibu na barabara na maji yapo. Bei shilingi 750,000. Akawaambia, "Mama, kuna watu wa kutoka mjini wanaitaka kesho asubuhi. Mkiweka 300,000 leo, mimi nitawazuia." Wakatoa pesa benki siku hiyo hiyo. Wakamlipa kijana mwenyewe, pesa taslimu, ndani ya hoteli ya chai. Risiti ilikatwa kutoka kitabu cha kawaida cha dukani.

Baadaye ikajulikana hivi. Mwenye shamba aliyeandikwa kwenye hati alikuwa amefariki zamani. Aliyekuwa akiuza ni mmoja wa wanawe, na kesi ya urithi ilikuwa haijafunguliwa. Ndugu zake hawakujua lolote. Yule kijana alisema alikwisha mpa muuzaji pesa. Muuzaji alisema alipokea nusu tu. Kikundi kilizunguka kwa chifu, kwa polisi na kwa wakili kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi. Walirudishiwa shilingi 120,000, tena kidogo kidogo. Wanachama wanane walijitoa. Mweka hazina, ambaye hakula hata senti moja, mpaka leo hapiti njia ya sokoni mchana.

Sasa tuulize: kosa lilikuwa wapi? Watu wengi husema, "Yule kijana alikuwa mwizi." Pengine. Lakini tukiishia hapo hatujajifunza kitu, maana hakuna mwizi anayekuja na kibandiko usoni. Sisi tunaona kwamba kuna maswali mawili ambayo hayakuulizwa. La kwanza: huyu dalali analipwa na nani? La pili: ardhi hii ni ya aina gani, na sheria yake inapitia mlango upi? Tutazungumza juu ya maswali hayo mawili.

DALALI NI MTU WA NANI?

Udalali si dhambi. Ni kazi kama kazi nyingine. Mwenye shamba hamjui mnunuzi, mnunuzi hamjui mwenye shamba, na dalali anawakutanisha. Anastahili malipo yake. Hapa Kenya kuna sheria juu ya kazi hiyo, Sheria ya Maajenti wa Nyumba na Ardhi, Sura ya 533, iliyopitishwa mwaka 1984. Sheria hiyo iliunda Bodi ya kuwaandikisha maajenti, na inakataza mtu kufanya kazi hiyo bila kuandikishwa. Kwa hiyo mkikutana na mtu anayesema ni ajenti, mna haki ya kumwambia, "Tuonyeshe cheti chako cha Bodi." Mtu halali hataona vibaya. Akikasirika, hapo mmekwisha pata jibu.

Lakini tunajua vijijini kwetu mambo yalivyo. Wengi wanaotuletea habari za ploti hawajaandikishwa popote. Ni jirani, ni mwendesha bodaboda, ni mwalimu mstaafu, hata pengine ni mzee wa kijiji. Ndiyo maana ni lazima tujue tabia ya kazi yenyewe. Dalali hulipwa ardhi inapouzwa. Isipouzwa, hapati kitu. Basi hata kama ni mtu mwema, tumbo lake linavuta upande wa kuuza. Yeye hatakuwa wa kwanza kuwaambia kwamba ndugu wa muuzaji wanazozana, au kwamba mvua ikinyesha ploti inajaa maji. Hilo ni kazi yenu kulitafuta.

Na kuna hatari zaidi: dalali anayekula pande mbili. Anapokea asilimia yake kwa muuzaji, halafu anakuja kwenu anasema, "Nipeni kitu kidogo niwapunguzie bei." Kumbe muuzaji alitaka 600,000 na ninyi mmeambiwa 750,000. Ile 150,000 iliyo katikati ni yake, na hakuna aliyeambiwa. Mtumishi hawezi kuwatumikia mabwana wawili wanaovutana juu ya bei.

Baadhi yenu mna watoto wanaofanya kazi Marekani, na wengine wao wananunua nyumba huko. Waulizeni. Watawaambia kwamba hata huko jambo hili limewasumbua watu, na kwamba kila jimbo lina sheria yake. Kila jimbo hutoa leseni zake za maajenti. Katika Florida na Colorado, ajenti mmoja haruhusiwi kuwa wakili wa muuzaji na wa mnunuzi katika mauzo yale yale. Katika California anaruhusiwa, lakini lazima awaambie wote wawili na wakubali. California pia inamtaka muuzaji ajaze fomu kueleza ubovu wa nyumba anaoujua. Lakini Alabama, kwa nyumba iliyokwisha kaliwa, kwa kawaida sheria inamwachia mnunuzi ajichunguzie mwenyewe. Na tangu tarehe 17 Agosti 2024, maajenti walio katika chama chao kikubwa cha taifa wanatakiwa kuandikiana na mnunuzi kabla ya kumtembeza kuona nyumba, na karatasi hiyo itaje malipo ya ajenti. Mtoto wako akitoka jimbo moja kwenda lingine, asidhani kinga aliyokuwa nayo kule inamfuata.

Hapa kwetu tunaweza kuiga jambo moja kati ya hayo bila kungoja serikali. Dalali akija, kabla hamjaenda kuona ploti, mwekeni chini na kumwuliza mbele ya kamati: "Nani anakulipa? Kiasi gani? Muuzaji anajua kwamba uko hapa?" Katibu aandike majibu katika kitabu cha mikutano, na dalali atie sahihi. Na jambo la pili, kutaneni na mwenye ardhi uso kwa uso na mwulizeni bei yeye mwenyewe. Dalali anayekataa msionane na muuzaji anaficha kitu.

Ng'ambo ya mto kuna pesa nyingine. Watoto wetu walio nje hutuma pesa nyumbani ili ndugu wawanunulie ploti. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mara nyingi ndugu mwenyewe anageuka dalali: anaongeza bei, anapeleka picha za ploti ya mtu mwingine. Wazazi, tukiyaona haya tusinyamaze kwa sababu ni mambo ya jamaa.

ARDHI HII NI YA AINA GANI?

Sasa swali la pili. Wengi wetu tunafikiri kununua ardhi ni njia moja tu: unalipa, unapewa hati, basi. Sivyo. Kama vile Marekani kila jimbo lina sheria yake, hapa kila aina ya ardhi ina mlango wake. Katiba ya 2010 inagawanya ardhi yetu katika mafungu matatu: ya umma, ya jamii na ya watu binafsi. Na ndani ya ile ya watu binafsi kuna shamba la kilimo, kuna ploti ya mjini, kuna ardhi ya lizi na kuna ardhi ya marehemu. Hebu tuzipitie moja moja.

Kwanza, shamba la kilimo. Hapa mlango ni bodi ya ardhi. Sheria ya Kudhibiti Ardhi, Sura ya 302, ya mwaka 1967, inasema mauzo ya shamba la kilimo katika eneo linalosimamiwa na bodi ni lazima yapate kibali. Hata kukata kipande kutoka shamba kubwa kunahitaji kibali. Maombi yapelekwe katika muda wa miezi sita tangu mlipoandikiana. Bila kibali, sheria inayahesabu mauzo hayo kuwa si kitu. Pesa zilizolipwa zinaweza kudaiwa kama deni kutoka kwa mtu aliyezipokea. Sasa fikirini: kama aliyezipokea ni dalali asiye na ofisi wala shamba, mtamkamata wapi? Ndiyo maana tunasema pesa ziende kwa mwenye ardhi kwa njia ya benki, au zikae kwa wakili mpaka mambo yaishe. Siku ya bodi, muuzaji aje na mkewe au mumewe. Bodi itauliza kama jamaa wanakubali, na hiyo ni nafasi yenu ya kusikia yaliyofichwa.

Pili, ardhi ya marehemu. Hii ndiyo iliyowanasa wale akina mama 32. Jina la kwenye hati likiwa la mtu aliyefariki, hakuna mtoto, mjane wala ndugu anayeweza kuuza kabla mahakama haijathibitisha hati ya usimamizi wa mirathi. Hiyo ni Sheria ya Urithi, Sura ya 160. Hata kama mtoto mkubwa ni mtu mwaminifu, hata kama ameonyeshwa sehemu yake na wazee, bado mkono wake haujafika kwenye hati. Mwambieni, "Malizeni kesi ya urithi kwanza, sisi tutangoja." Kama hawezi kungoja, tafuteni kwingine.

Tatu, mali ya ndoa. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inazuia mume au mke kuuza mali ya ndoa bila mwenzake kukubali. Tunawaambia wanaume waliomo humu: usimfiche mama watoto. Na tunawaambia akina mama wanaonunua: ukiona muuzaji anataka mambo yaishe upesi kabla mkewe hajarudi kutoka kwao, jiulize wewe ungejisikiaje. Tusijenge ghala la kikundi juu ya machozi ya mama mwingine.

Nne, ploti ya lizi, hasa mijini na katika vituo vya biashara. Hii ni ardhi ya muda. Ulizeni miaka iliyobaki ni mingapi. Ulizeni kama kodi ya ardhi na ada za kaunti zimelipwa, maana mkinunua ploti yenye deni mtajikuta mnadaiwa ya mwenzenu. Na kwa ploti hizi mtu anaweza kuwaonyesha barua ya kugawiwa, akasema ni sawa na hati. Si sawa. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Torino Enterprises, ilisema wazi kwamba barua ya kugawiwa peke yake haimpi mtu umiliki. Ni lazima masharti yake yatimizwe, na ardhi iandikishwe.

Tano, ardhi ya jamii. Hii iko sana katika sehemu za wafugaji, kama Kajiado, Narok na Samburu. Zamani ranchi za vikundi zilifuata sheria ya mwaka 1968. Sasa kuna Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Chini ya sheria hiyo, jamii iliyoandikishwa haiwezi kuuza ardhi yake mpaka angalau thuluthi mbili ya wanachama walioandikishwa wakubali. Ardhi ya jamii ambayo bado haijaandikishwa inashikwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii, na kaunti yenyewe hairuhusiwi kuiuza. Kwa hiyo mwenyekiti mmoja na mihuri yake mitatu hawezi kuwauzieni. Dalali akisema, "Nimeongea na mwenyekiti," mwulizeni, "Mkutano wa wanachama ulikaa lini? Tuonyeshe maandishi."

Sita, ardhi ya umma: msitu, kando ya barabara, kando ya mto, uwanja wa shule, kiwanja cha hospitali. Hii haiuzwi na dalali yeyote, hata akiwa na hati inayong'aa. Na hapa tunataka msikilize vizuri.

HATI PEKE YAKE HAITOSHI

Tumezoea kusema, "Mradi kuna hati, hakuna shida." Mambo yamebadilika. Mwaka 2004 Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u ilitoa ripoti juu ya ardhi ya umma iliyogawiwa kinyume cha sheria, na wengi waliogawiwa waliuza upesi kwa wengine. Sheria ya Kuandikisha Ardhi ya 2012 inasema hati ni ushahidi wa umiliki, lakini inaweza kupingwa ikiwa ilipatikana kwa njia haramu, bila utaratibu unaotakiwa au kwa ufisadi. Na tarehe 21 Aprili 2023, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, juu ya ardhi iliyo karibu na ufuo wa bahari, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kama ugawaji wa kwanza ulikuwa mbaya, mnunuzi wa baadaye hawezi kujikinga kwa kusema alinunua kwa nia njema. Ni kama mto: chemchemi ikiwa na sumu, hata anayechota chini kabisa atakunywa sumu.

Watu wameyaona haya kwa macho. Mwezi wa Novemba 2011, nyumba zilibomolewa Syokimau kwa sababu ilisemekana ardhi ni ya mamlaka ya viwanja vya ndege. Mwezi wa Oktoba 2023, nyumba nyingi zilibomolewa Mavoko katika ardhi ya kampuni ya saruji ya East African Portland. Wengi wa waliokuwa wakilia pale walikuwa na karatasi mkononi. Walikuwa wamelipa. Hawakuwa wezi. Walikuwa watu kama sisi, walioamini karatasi waliyoonyeshwa.

HATUA ZA KUFUATA

Basi tufanyeje? Hatusemi msinunue. Tunasema mwende hatua kwa hatua, na kila hatua iandikwe kitabuni.

1. Teueni kamati ndogo ya watu watano, akina mama wawemo. Mtu mmoja asiachiwe kazi hii, hata akiwa mwenyekiti.

2. Mwombeni muuzaji nakala ya hati na ya kitambulisho chake. Nendeni wenyewe mkafanye sachi katika ofisi ya ardhi inayohusika, au katika mtandao wa serikali wa Ardhisasa kwa sehemu ambazo rekodi zake zimeingizwa humo. Msikubali sachi aliyoifanya dalali. Angalieni jina, ukubwa wa ardhi, na kama kuna deni la benki au kizuizi chochote.

3. Ulizeni historia. Kabla ya huyu alikuwa nani? Na kabla ya huyo? Shamba lilitoka wapi? Kadi ya kijani ya ofisi ya ardhi huonyesha nani alimwuzia nani. Ongezeni maswali kwa wazee na majirani wa mipaka. Mzee aliyekaa pale miaka 50 anajua mambo ambayo hayamo katika kompyuta.

4. Leteni mpima ardhi mwenye leseni awaonyeshe mawe ya mipaka. Kuna madalali wanaowatembeza watu katika ploti nzuri na kuwauzia namba ya ploti iliyoko bondeni. Namba ya kwenye hati na udongo mnaoukanyaga lazima viwe kitu kimoja.

5. Andikianeni. Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, inataka mapatano ya kuuza ardhi yawe ya maandishi, yatiwe sahihi na pande zote, na kila sahihi iwe na shahidi aliyekuwepo. Muhuri wa chifu ni mzuri kwa ushahidi, lakini hauhamishi ardhi. Tafuteni wakili wenu wenyewe. Wakili wa muuzaji ni wa muuzaji, kama vile dalali wa muuzaji ni wa muuzaji.

6. Hesabuni gharama zote kabla ya kuanza. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani kwa ardhi ya mjini na asilimia 2 kwa ardhi ya mashambani. Kuna wakili, mpima ardhi na ada za ofisi. Kikundi chenye 750,000 hakiwezi kununua ploti ya 750,000.

7. Mwulizeni wakili mapema hati itaandikwa jina gani. Cheti cha kikundi tunachopewa chini ya Sheria ya Kuandikisha Vikundi vya Jamii ya 2022 ni kitu kizuri, lakini msidhani kinajibu kila kitu. Kama majina ya viongozi ndiyo yatakayoandikwa, basi iandikwe wazi kwamba wanashika kwa niaba ya wanachama, na wanachama wote watie sahihi. Tumeona watoto wa mwenyekiti aliyefariki wakiidai ploti ya kikundi kama urithi wa baba yao.

8. Msilipe chochote siku ya kwanza. Hata shilingi 1,000 ya "kushikilia." Mtu akisema kuna wanunuzi wengine wa kesho, mwambieni awauzie. Ardhi haikimbii. Pesa ndizo zinazokimbia.

NA SISI VIONGOZI JE?

Kabla hatujamaliza, tuseme jambo ambalo halipendezi masikioni. Tumesema sana juu ya madalali. Lakini dalali hawezi kuingia ndani ya kikundi bila mtu wa ndani kumfungulia mlango. Wakati mwingine ni mwenyekiti, wakati mwingine ni katibu. Anaahidiwa shilingi 20,000 kama "chai" akiwashawishi wenzake. Halafu katika mkutano anasema, "Hii ploti nimeichunguza mimi mwenyewe, tusipoteze muda." Mama mmoja akiuliza swali, anaambiwa analeta maneno.

Ile chai inatoka wapi? Imo ndani ya bei. Ni zile shilingi 100 za kila wiki za mama anayeuza mboga. Kiongozi anayeipokea amekuwa dalali wa siri, na ni mbaya kuliko dalali wa soko, maana yule wa soko hatukumpigia kura.

Tunapendekeza kila kikundi kiweke sheria hii katika katiba yake: kiongozi au mwanachama yeyote mwenye faida katika mauzo, iwe ni asilimia, zawadi au ujamaa na muuzaji, aseme mbele ya mkutano kabla ya kura, na asipige kura juu ya jambo hilo. Asiposema na ikajulikana, arudishe alichopokea na aache uongozi. Na mwenye kuuliza swali asifokewe. Kuuliza si ujinga. Katika kikundi kile cha akina mama 32, mmoja alikuwa ameuliza, "Mbona hatujamwona mwenye shamba?" Akaambiwa anyamaze, asifukuze bahati.

Tukirudi vijijini, tuwe tayari kumsikiliza mama wa namna hiyo. Swali lake moja lingeokoa shilingi 180,000.



MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika kijiji chetu, ni nani wanaofanya kazi ya udalali wa ardhi? Tunajua wanalipwa na nani?

2. Ardhi tunayoitaka ni ya aina gani kati ya zile sita? Mlango wake ni upi?

3. Jina la nani liko kwenye hati? Yuko hai? Ana mke au mume? Tumekutana naye?

4. Katiba ya kikundi chetu inasema nini juu ya kiongozi anayepokea "chai"? Kama haisemi kitu, tutaandika nini, na lini?